Kabibi Aliyebaki Chini ya Ziwa

Vijana wangu wa imprimeri, kiwanda chetu cha kuchapa vitabu, siku mliponiaga mlinipa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani. Kiti nimekizoea. Saa ndiyo sijui mlinipa ya nini, maana sasa hakuna tena anayeningoja popote. Mkaniambia, "Muzee Ema, tuandikie kidogo kazi ilikuwa namna gani." Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaeleza kitabu kimoja mnachokijua nyote, "Sauti ya Kabibi", kile mnachosema kinawarudisha kwenye moto wa utotoni hata mkiwa ofisini na tai shingoni. Nilikipanga mimi kwa vidole hivi, herufi baada ya herufi. Nitawaeleza pia wivu wangu, kwa sababu bila huo kitabu hamtakielewa. Na msiningoje niombe msamaha. Wivu ni kama homa ya malaria, hakuna anayeomba msamaha kwa kuugua.

Nililelewa Kalundu, bandari ya Uvira, na nyanya yangu, Nyanya Feza, mama wa mama yangu. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi. Mchana alinunua bandarini, jioni alipanga samaki juu ya chanja, akawasha kuni, na watoto wa jirani wakaja kukaa upande ambao moshi hauendi. Hapo ndipo alipotoa hadithi. Kwetu hadithi haitolewi mchana. Ukiitoa jua likiwaka, utaota mkia, na mimi nilimjua mzee mmoja ambaye hakukaa sawasawa kwenye kiti, nikaamini kabisa sababu yake ni hiyo.

Nyanya alikuwa na desturi moja. Katikati ya maneno alinyamaza, akachokoa moto kwa kijiti chake, akauliza, "Muko?" Nasi tukaitika, "Tuko!" Alipenda kusikia sauti za wote ndipo aendelee. Bila kuitikiwa alisema anaongea na samaki, na samaki wale tayari walikuwa wamekufa.

Kati ya watoto wale alikuwako Zabuloni, mtoto wa fundi wa mitumbwi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuja kila jioni na kigoda chake mwenyewe, kama vile amealikwa. Alikaa karibu na mimi, akanifinya paja. Ndiyo, alinifinya! Kila jioni, kwa kucha, mahali pale pale. Nikilalamika, Nyanya alicheka tu. Nikamchukia Zabuloni mapema sana, na chuki ya mtoto inakomaa vizuri isipoguswa.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kabibi. Mdogo wake Kabibi alichukuliwa na ziwa. Kabibi akajitupa majini kumfuata, akashuka mpaka kwa Mama wa Ziwa, ambaye nywele zake zilikuwa majani ya majini na samaki wa mikeke walizungukazunguka kichwani pake. Mama wa Ziwa akampa kazi ngumu, nazo Kabibi akazimaliza. Ndipo akaambiwa, "Mchukue mdogo wako. Lakini maji yatafunguka tu kama mtu wa nchi kavu ataitika ukimwita." Kabibi akampakata mtoto, akapanda, akapanda, mpaka akaona matumbo ya mitumbwi juu yake. Akaita.

Na mimi hapo nilikuwa nimelala. Kila mara! Tumbo limejaa ugali, joto la moto liko usoni, mgongo uko kwenye mguu wa Nyanya, nani angekesha? Asubuhi nilimwuliza, "Nyanya, Kabibi alitoka?" Naye alishika kiuno: "Mchana huu? Unataka mukia?" Jioni nyingine akaianza tena toka mwanzo, nami nikalala tena mahali pale pale. Wengine nao walisinzia au waliitwa makwao, lakini Zabuloni hakulala hata mara moja. Macho yake yalikuwa wazi kama ya samaki.

Nilipokuwa shule ya bweni huko juu milimani, Nyanya Feza akafa. Nilirudi nikakuta chanja imevunjwa na kuni zimegawanywa. Nililia, na katikati ya kilio likanijia jambo lililonikausha machozi: mwisho wa hadithi ya nyanya yangu sasa uko na Zabuloni peke yake. Mtaniuliza, kwa nini usimwulize? Mimi, mtoto wa nyumba, nikamwulize jirani hadithi ya nyanya yangu iliishaje? Afadhali nile mchanga wa Kalundu kwa kijiko.

Niliingia imprimeri ya misioni nikiwa na ndevu chache za kwanza. Siku ile Baba Simeoni, mkubwa wa chumba cha herufi, hakunipa mkono kwa sababu wake ulikuwa na wino. Alinipa kioo. "Jitazame mu kiyoo," akaniambia. "Kuanzia leo utasoma sawa ule muntu wa mule ndani." Herufi zetu zilikuwa za madini ya risasi, moja moja, zimegeuzwa kushoto kulia, nasi tulizipanga kichwa chini ndani ya komposteri, kile kijisanduku cha chuma kinachokaa kwenye kiganja. Wiki za kwanza nilichanganya b na d mpaka nikaota ndoto zake. Baba Simeoni hakunigombeza. Alizimwaga tu herufi zangu zote mezani na kusema, "Anza," kisha akaenda kunywa chai yake. Mpaka leo sijui adhabu kubwa kuliko neno lile.

Alinifundisha kuosha herufi kwa petroli bila kuvuta harufu sana, kufunga ukurasa kwa uzi usilegee, na kutokula muhogo kwa mkono wenye risasi. Alikuwa mtu wa kanisa, shemasi kabisa, lakini jambo la hadithi na mchana alilishika kuliko amri zote. Mtu akianza kisa cha sungura saa ya chakula, Baba Simeoni aliondoka na sahani yake.

Kisha wakatuletea msahihishaji mpya, aliyesoma seminari karibu mpaka mwisho. Mlango ukafunguka, nikaona Zabuloni. Miwani, viatu vya ngozi, Kifaransa kinatiririka. Akanipigia kelele za furaha, "Ema! Mutoto wa Nyanya Feza!" akanikumbatia mbele ya watu wote. Paja langu likauma lenyewe.

Namna yetu ya kusahihisha mnaijua kwa masimulizi tu, maana ninyi mna mashine. Sisi tulikuwa wawili. Msahihishaji alisoma kwa sauti kile kilichoandikwa kwa mkono, na mpangaji alifuata kwa kidole kwenye karatasi ya kujaribia. Mwisho wa kila fungu, msomaji alinyamaza, na mpangaji alijibu "Niko", kuonyesha kwamba yuko pamoja naye, hajapotea mstari. Bila "Niko" hakuna kuendelea. Hiyo ilikuwa sheria ya Baba Simeoni, naye aliipata kwa wazee waliomtangulia. Kwa hiyo miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya Zabuloni na kumwitikia. Mungu ana mizaha yake.

Uhuru ulipokuja tulichapa mpaka mikono ikavimba. Matangazo, nyimbo, kadi za vyama, picha za watu wanaotabasamu. Watu walipita barabarani wakiimba, na kila mtu alitaka kitu cha kwetu: bendera ya kwetu, wakubwa wa kwetu, vitabu vya kwetu. Siku moja Zabuloni akaweka mezani kwangu bunda la karatasi.

"Nimeandika riwaya," akasema. "Mukubwa wa misioni amekubali tuichape. Minye nataka weye njo uipange, Ema. Hapana mwingine."

"Juu ya nini minye?" nikauliza, nikitaka sababu.

"Juu utaijua."

Nikaijua kweli. Ni habari ya karani aliyeishi mbali miaka mingi, akasahau hadithi zote za utoto wake kama mtu anavyosahau funguo. Anarudi pwani ya ziwa mama yake akiwa mgonjwa, anakuta watoto wa mtaa hawana wa kuwasimulia, na anaanza kuzitafuta zile hadithi mlango kwa mlango: nusu kwa mvuvi, robo kwa mama muuza mawese, mkia wake kwa kichaa wa sokoni. Kila akipata kipande, mama yake anapata nguvu ya kukaa. Na katikati ya kitabu, amekaa kwenye moto, mwanamke mzee anayekausha samaki.

Nyanya yangu! Kikohozi chake kilikuwamo. Kijiti cha kuchokolea moto kilikuwamo, kile chenye ncha iliyoungua. Namna alivyokunja kitenge katikati ya magoti ili cheche zisiingie, ilikuwamo. Hata mimi nilikuwamo, mtoto fulani mnene anayekoroma! Nilipanga yote hayo, n, y, a, n, y, a, na kila herufi ilikuwa baridi kidoleni. Nilitaka kumpiga kwa komposteri. Halafu nilitaka asiache kuandika. Mnajua uchungu wa kumwona mtu mwingine anamfufua mtu wako, na anamfufua vizuri?

Baba Simeoni alikuwa na shida yake. Kitabu kimejaa hadithi, na sisi tunafanya kazi mchana. Alitembea siku nzima na shida hiyo, akaishia kusema, "Kupanga haina mbaya. Herufi iko kinyume. Hadisi yenye iko kinyume, haijatoka bado." Lakini saa ya kusahihisha kwa sauti, alijaza pamba masikioni na kwenda kusimama nyuma ya mashine ya kuchapia mpaka tumalize.

Jioni moja nilipeleka nyumbani karatasi chache za kujaribia. Mke wangu Riziki, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale Kalundu, mwanamke ambaye hakulia hata mtumbwi wa kaka yake ulipopinduka kwa sababu alikuwa na kazi ya kumtukana, alisoma akiegemea mlango. Akalia. Akajifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena, akalia tena.

"Nimemukumbuka mama yangu na kile kisa cha kobe," akasema. "Nilisahau kabisa. Weye unaona? Nilisahau kabisa! Huyu Zabuloni ana mukono, jamani."

"Minye pia nilikusimuliaka hadisi."

"Weye?" Akanitazama kwa huruma. "Weye unalalaka katikati."

Sikula siku ile. Uvira nzima ilianza kujua. Watoto wa karani wa posta walimsimamisha Zabuloni njiani wamwulize habari za Kabibi, kwa sababu mfagiaji wetu aliwasimulia alichosikia dirishani. Wamama wazima walianza kusimuliana visa walivyoviacha tangu meno yao ya kwanza. Zabuloni akawa anasalimiwa pande zote mbili za barabara. Mimi nilitembea naye nikibeba mwavuli.

Sura zilikuja moja moja. Hadithi ya Kabibi aliikatakata, akaitawanya katika kitabu kizima, na kipande cha mwisho kilipaswa kuwa sura ya mwisho. Ndicho nilichokingoja. Nilijiambia: Ema, huhitaji kumwuliza mtu. Utapanga tu kazi yako kama kawaida, na mwisho utakuja wenyewe mkononi mwako, na huku unalipwa. Heshima yangu ilikuwa imehifadhiwa.

Lakini sura ya mwisho haikuja. "Kesho, Ema." Kesho ikawa wiki. "Ninaisafisha kidogo." Mwezi ukapita. Nilimkuta mara nyingi ameshika kalamu, anatazama ziwa kupitia dirishani, karatasi nyeupe. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: anaiminya. Anajua nataka, na anaiminya, kama alivyoniminya paja.

"Weye uko unanichezea," nikamwambia mbele ya watu. "Ile mwisho ni ya nyumba yetu."

Zabuloni alivua miwani. "Najua ni ya nyumba yenu," akasema, akainama kwenye karatasi zake. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukipenda na sikukitambua.

Ndipo uasi dhidi ya serikali mpya ukafika kwetu. Siku moja redio ilisema hivi, siku nyingine hakukuwa na redio. Wamisionari wakaondoka, imprimeri ikafungwa, na watu waliovaa viatu vya ngozi na miwani wakaanza kuonekana kama watu wabaya. Zabuloni akapata nafasi kwenye mtumbwi wa kuvuka kwenda upande wa Burundi. Nilishuka bandarini. Wengine walikuwa wanaagana kwa machozi. Mimi niliingia majini mpaka kiunoni nikipiga kelele, "Zabuloni! Mwisho iko wapi?"

Akagusa kichwa chake kwa kidole. "Iko huku!" Mtumbwi ukasukumwa, nikabaki na suruali iliyolowa. Uchungu wangu ulikuwa wa aina mbili, na sikuweza kuzitenganisha. Nilimhofia maisha yake. Na niliona mwisho wa hadithi ya Nyanya Feza unakwenda ng'ambo ya ziwa juu ya shingo ya mtu mwingine.

Baba Simeoni alisikia kwamba wapiganaji wanatafuta risasi ya kuyeyusha, wapate kujitengenezea za kupigia. Herufi zetu zote zilikuwa hiyo risasi, pamoja na kurasa za kitabu zilizokwisha kufungwa kwa uzi. Riziki akatoa magunia yake. Tukapanga kurasa chini, tukamwaga ndagala kavu juu, tukapakia kwenye mkokoteni twende kuzificha kwa wakwe zangu Lubarika, kwenye bonde la Ruzizi. Mimi nasukuma, Baba Simeoni anavuta.

Kabla ya Katogota tukakuta kizuizi. Kijana mmoja mwenye majani kichwani na bunduki ya kujitengenezea akainua gunia. Halikuinuka.

"Munabeba nini?"

"Ndagala," akasema Baba Simeoni.

"Ndagala gani inalemea hivi?"

"Ilikula muzuri."

Kijana hakucheka. Akapitisha mkono ndani, akatoa ukurasa mmoja, akaugeuza juu chini. Nikaona mkono wake unapima uzito. Ulikuwa ukurasa wa Kabibi akishuka kwa Mama wa Ziwa.

"Hii ni nini?"

"Ni hadisi," nikasema.

"Hadisi ya chuma?"

"Hadisi ya kitabu. Ya mutoto mwenye alienda kutafuta mudogo wake mu ziwa."

Wenzake wakasogea. Mmoja akakaa juu ya gogo. "Toa," akaniambia. "Toa hapa tuisikie. Kama ni ya bongo, ya uongo tu, hizi chuma zinabaki."

Jua lilikuwa utosini. Nikamtazama Baba Simeoni. Alikuwa tayari ameweka vidole masikioni na kufumba macho, mkia umshukie nani sijui. Basi nikatoa. Vijana, sijawahi kusimulia vile maishani. Nilikohoa kikohozi cha Nyanya. Niliokota kijiti. Nilimshusha Kabibi majini mpaka wale watu wenye bunduki wakasahau barabara. Nikauliza, "Muko?" Wakaitika wote, "Tuko!" Kwa mara ya kwanza nikasikia utamu wake ulivyo, kuitikiwa, nikamwonea Zabuloni wivu upya kwa kuwa na Uvira nzima. Nikampandisha Kabibi na mtoto kifuani mpaka kwenye matumbo ya mitumbwi. Akaita.

Nikanyamaza.

"Eeh?" akasema yule kijana wa kwanza. "Halafu?"

"Halafu sijue."

"Hujue namna gani?"

"Mwisho iko na muntu moja anaitwa Zabuloni. Ako ng'ambo."

Walinitukana, lo! Walinitukana mimi, ukoo wangu na ng'ambo yenyewe. Yule wa gogo alikasirika kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni. Lakini kijana wa kwanza aliurudisha ukurasa kwenye gunia polepole, akaufunika na ndagala, akajipangusa mkono. "Mama yangu alikuwaka anaanzaka hivi hivi," akasema. "Pitisheni mukokoteni. Na weye, ukipata ile mwisho, siku moja unipatie." Tukapita. Mwendo mrefu baadaye Baba Simeoni akatoa vidole masikioni. Nilikuwa nimeokoa herufi zote za imprimeri, nami nilinuna mpaka Lubarika, kwa sababu hata pale kizuizini aliyekosekana alikuwa Zabuloni.

Utulivu uliporudi, nasi tukarudi na magunia yetu. Herufi zilioshwa kwa petroli, zikaoshwa kwa majivu, zikaoshwa kwa sabuni, bado zilinuka ndagala. Wenye nakala za kwanza za kitabu hicho wazifungue leo wanuse. Zabuloni akashuka kutoka mtumbwini asubuhi moja, amekonda, miwani kioo kimoja. Alikuja moja kwa moja imprimeri. Sikumpa hata maji.

"Mwisho," nikasema.

Akaketi kwenye kigoda mbele yangu. Baba Simeoni, alipoona tumekaa mkao wa kusoma, akachukua pamba yake akaenda nyuma ya mashine.

"Ema," akasema Zabuloni, "weye unafikiri minye najua?"

"Haukulalaka. Ulisikia yote."

"Sikulalaka, ndiyo. Lakini Nyanya hakuitoaka. Weye ukilala, alikuwa anauliza 'Muko?' Minye naitika. Naitika kwa nguvu! Yeye anatazama weye, anasema, 'Hapana weye, mutoto wangu. Mwenye nyumba hayuko.' Anafunika moto, anatutuma kulala. Kila siku. Kabibi anabaki kule chini sababu ya usingizi yako."

Nikaweka chini kitambaa cha kufutia herufi.

"Juu ya nini unafikiri nilikuwa nakufinya?" akauliza. "Nilikuwa nakufinya usilale! Nilitaka kusikia mwisho. Niliitika miaka yote ile, Ema, na sauti yangu haikuhesabiwa. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka naumwa tumbo. Weye unakoroma, na hadisi iko inakungojea weye."

Alikuwa analia, mwanamume mzima wa seminari. Mimi nilikuwa nimeshika paja langu. Miaka yote ile nilimwonea wivu kwa kitu ambacho hakuwa nacho, naye alinionea mimi kwa kitu nilichokilalia. Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Na kule kwenye mutumbwi, ulisema iko kichwani."

"Ningesema nini? Ulikuwa mu maji mpaka kiuno."

Akatoa mfukoni karatasi moja, imekunjwa na kukunjuliwa. Ilikuwa sura ya mwisho, nayo ilikuwa na mistari michache tu. Akaniwekea mbele, mimi nikachukua komposteri kwa mazoea, akaanza kusoma kwa sauti. Kabibi alipanda, alipanda, mtoto amelala begani, akaona matumbo ya mitumbwi. Akaita.

Zabuloni akainua macho. "Muko?"

Ulikuwa mchana kweupe. "Niko," nikasema.

Halafu, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa nyumba na hakuna mwingine aliyebaki wa kufanya hivyo, nikamgeukia yeye nikauliza kama Nyanya: "Muko?"

Alijifuta macho kwanza. "Niko," akasema.

"Nimesikia," nikamwambia. "Sauti yako nimeisikia."

Na nyuma ya mashine, mtu mwenye pamba masikioni akapiga kelele, "Niko!"

Tukaandika mwisho siku ile ile. Yeye anasema, mimi napanga moja kwa moja kwenye risasi bila karatasi, na Baba Simeoni anatupinga kila sentensi. Mnaujua: maji yanafunguka, Kabibi anatoka na mdogo wake, na pwani nzima iko pale. Nilimtafuta yule kijana wa kizuizini nimpe nakala yake. Sikumpata. Nimeiweka mpaka leo.

Jina kwenye jalada ni la Zabuloni peke yake. Nililipanga mwenyewe lile jina, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na bado linaniuma, hasa nikiwa na njaa. Watoto wa shule walimjia yeye na maua. Mimi walinijia wakiuliza choo kiko wapi. Tuliendelea kusahihisha vitabu pamoja, yeye akisoma, mimi nikisema "Niko", mpaka macho yake yakachoka, na sikuacha hata siku moja kumwonea wivu, wala yeye mimi. Tulizeeka vizuri namna hiyo.

Mwaka huu tumemzika Kalundu, ninyi mlikuwapo. Watu walijaa mpaka majini. Mchungaji alimaliza yake, kisha binti mmoja wa shule akafungua kitabu akasoma ukurasa wa mwisho, wakati kamba zinalegezwa na sanduku linashuka. Akafika mahali pale. Akauliza kwa sauti nyembamba, "Muko?"

Pwani nzima ikavuta pumzi iitike. Nikainua mkono kuwanyamazisha. Mliona, mkadhani mzee amezidiwa na jua. Hapana. Zabuloni alikuwa anashuka, na sikutaka sauti ya mtu mwingine imfikie kabla ya yangu.

"Niko," nikasema.

Ndipo nikawaruhusu ninyi wengine.